Paka wa ghala anapotapika manyoya: lini ni kawaida, lini ni hatari

PAKA ni mfanyakazi wa siku nyingi katika maghala ya nafaka, kuanzia Tunduma hadi Busia, ingawa jina lake halimo kwenye daftari la mishahara. Panya mkubwa mmoja huweza kula takriban gramu 25 za nafaka kwa siku. Panya kumi wakikaa mwaka mzima ndani ya stoo, hilo ni karibu gunia zima la kilo 90, bila kuhesabu magunia waliyotoboa na mahindi waliyochafua kwa mkojo na kinyesi. Mfanyabiashara anayempoteza paka hodari anapata hasara, hata kama haiandiki popote.

Jambo moja linalowatisha wenye paka ni pale anapojikunyata, akajikamua kama anayetaka kutapika, kisha akatoa kitu kirefu kilicholowa, chenye rangi ya manyoya yake, mfano wa kipande cha soseji. Wengine hudhani ni kinyesi. Hilo ni bonge la manyoya. Huwa refu badala ya duara kwa sababu limebanwa na umio wakati wa kutoka.

Chanzo chake ni usafi wa paka mwenyewe. Ulimi wake una vijimwiba vingi vilivyoelekea kooni, vinavyofanya kazi ya kitana. Anapojiramba, manyoya yaliyokufa hunasa humo, na kwa jinsi vijimwiba vilivyolala hawezi kuyatema, hivyo huyameza. Manyoya yameumbwa kwa keratini, ile ile ya kucha na nywele zetu, na tumbo haliwezi kuimeng'enya. Mengi hutoka na kinyesi bila mtu kujua. Yanayobaki hukusanyika tumboni mpaka yatapikwe.

Kwa taarifa tu, vitu vinavyogandamana matumboni mwa wanyama viliwahi kuwa bidhaa ya thamani. Mawe ya bezoa, yaliyotoka kwenye matumbo ya mbuzi mwitu wa Uajemi, yaliuzwa Ulaya kwa bei kubwa katika karne ya 16 yakiaminiwa kuwa kinga ya sumu. Daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Ambroise Paré, alieleza habari za mpishi aliyehukumiwa kifo ambaye alipewa sumu, kisha jiwe hilo. Mpishi alikufa. Bonge la paka halina soko kabisa.

Paka wetu wengi wana manyoya mafupi. Paka wa aina hiyo akitapika bonge mara chache kwa mwaka, kisha akala na kurudi kwenye shughuli zake, hakuna la kufanya. Wenye manyoya marefu hutapika mara nyingi zaidi. Lakini paka wa manyoya mafupi akitapika kila wiki, kuna kitu kinachomfanya ajirambe kupita kiasi au kinacholizuia tumbo lisisukume manyoya chini: viroboto, ugonjwa wa ngozi, au maradhi ya utumbo.

Hatari kubwa ghalani ni kudhani kila kujikamua ni manyoya. Uzi wa kushonea magunia ndio wa kuogopwa zaidi. Paka huuchezea, huumeza, na ncha moja ikinasa chini ya ulimi au tumboni, utumbo hujikunja kwenye uzi kama kitambaa kilichovutwa kwa kamba, na uzi huweza kuukata. Paka hutapika tena na tena bila kutoa manyoya, huacha kula, hupooza. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani mara nyingi dawa yake ni upasuaji. Kufagia vipande vya uzi na kamba za sandarusi kila jioni ni kazi ya dakika chache.

Kitu kingine ni vumbi la pumba na moshi wa malori. Paka anayejikunyata, akanyoosha shingo na kukohoa bila chochote kutoka, huenda ana pumu. Huyo hahitaji dawa ya manyoya.

Halafu kuna sumu. Paka huramba kila kinachoanguka juu ya mwili wake, na baadhi ya viuatilifu vya unga vinavyochanganywa na mahindi vina permethrini, ambayo ni sumu kali kwa paka. Akitetemeka au kutokwa na udenda mwingi baada ya dawa kuwekwa, hilo si bonge. Kadhalika paka aliyekula panya wa sumu. Wakati wa kufukiza ghala kwa vidonge, paka atoke kama watu wanavyotoka.

Matunzo yenyewe ni rahisi. Mchane kwa brashi mara moja au mbili kwa wiki, na kila siku kama manyoya ni marefu. Awe na maji safi wakati wote. Wengi huwanyima wakiamini kiu na njaa huongeza bidii ya kuwinda. Kijiko cha boga lililochemshwa bila chumvi wala kitunguu humsaidia kupata choo. Daktari anaweza kutoa dawa laini ya kulainisha njia. Usimmiminie mafuta ya aina yoyote mdomoni, kwani yakiingia mapafuni huleta nimonia. Mafuta ya taa ni sumu, na parasetamoli, hata kidonge kimoja, huweza kumuua.

Wasafirishaji wanaopewa paka wa manyoya marefu kama mzigo wamchane kabla ya safari na kumpa maji kila kituo, maana hofu humfanya ajirambe zaidi na kiu hukausha utumbo. Karatasi zake, yaani cheti cha chanjo ya kichaa, cheti cha afya na kibali cha kuingiza mnyama, ziwe kwenye kabini kabla ya kufika mpakani, si kufuatiliwa foleni ikiwa imeanza.

Usingoje kesho iwapo paka amejikamua mara nyingi bila kutoa kitu, hajala kwa siku nzima, hapati choo, au tumbo limevimba. Daktari atauliza alikula lini mara ya mwisho, alipata choo lini, na ni dawa gani imetumika ghalani, hivyo chukua na pakiti ya dawa hiyo.