MFICHA UCHI HAZAI: NA MUME NAYE APIMWE

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Ajabu ni kuwa methali hii twawahimizia wanawake peke yao. Nikaha ikifungwa na mwaka ukapita bila ya dalili ya mimba, wavyele wa mume huanza kunong'onezana, na mke akaitwa tasa kabla ya kupimwa. Atanyweshwa kombe, atakandwa tumbo, atazungushwa kwa waganga, na mumewe yuko barazani na kahawa yake, hajaulizwa neno. Mwisho wa hayo aghalabu ni talaka, au mke wa pili ambaye naye huenda asizae vile vile.

Matabibu wanatwambia kuwa katika nyumba zinazokosa mtoto, karibu nusu huwa na hitilafu kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Tena nguvu za kiume si dalili ya uzazi. Mtu aweza kuwa mzima chumbani na manii yake yasiwe na mbegu hata moja.

Kipimo cha kwanza ni chepesi. Mume hujizuia siku mbili hadi saba, kisha manii yake hutazamwa maabarani. Anayeona uzito wa kidini katika kuyatoa, na amwombe daktari ruhusa ayatoe nyumbani kwa msaada wa mkewe, mradi yafike hospitali kabla ya saa moja kupita.

SUBIRA YA MIEZI MITATU

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa mbegu ya mume haiumbwi kwa usiku mmoja. Huchukua siku 70 na kitu kukomaa, kisha siku kadhaa zaidi njiani. Hivyo mbegu ya leo ilianza kuumbwa yapata miezi mitatu nyuma. Aliyeugua homa kali Mfunguo Mosi, kipimo cha Mfunguo Tatu chaweza kuonyesha mbegu haba, nazo zikarudi baadaye. Ndiyo maana kipimo kibaya hurudiwa.

Na tiba ni vivyo hivyo. Aliyeacha sigara, au aliyepasuliwa kwa ajili ya mishipa iliyovimba ya korodani, asitazamie mabadiliko wiki ya pili. Angoje miezi mitatu hadi sita. Wengi hukata tamaa mapema, wakabadili daktari kila mwezi, au wakakimbilia sindano za homoni ya kiume. Sindano hizo zaweza kuzima kabisa uumbaji wa mbegu, na kurudi kwake huchukua miezi mingi.

Dawa zikishindwa, ipo njia ya kuunganisha mbegu na yai nje ya tumbo, ingawa gharama yake ni kubwa. Mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, aliiruhusu iwapo mbegu ni ya mume na yai ni la mkewe, bila ya mtu wa tatu kuingia kati.

Mtoto ni riziki, na Mola humpa amtakaye. Hata Nabii Zakaria alimpata Yahya uzeeni. Asiyejaaliwa hana aibu. Aibu ni kumtwika mke mzigo ambao haujulikani ni wa nani. Basi ndugu yangu, kabla ya kubisha mlango wa kadhi, bisha kwanza mlango wa daktari, na mkeo awe ubavuni mwako. Subira ni ufunguo wa faraja.