Tuipe njia haki yake, tuwalinde watoto wetu

Kila alasiri tunawaona watoto wetu, juzuu kifuani, wakielekea madrasa. Tumewafunza kutia udhu, kutoa salamu na kuingia msikitini kwa mguu wa kulia. Je, ni wangapi kati yetu tuliowashika mkono, tukasimama nao kando ya barabara na kuwafunza namna ya kuvuka?

Ndugu wasomaji, jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Nasi watoto tumepewa amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Mtume (S.A.W.) aliwausia Masahaba waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo ni kujizuia na maudhi. Basi dereva apitaye kasi mbele ya shule, hata kama ndiyo kwanza anatoka kuswali, ameidhulumu njia.

Somo la usalama barabarani halitimii kwa kukariri darasani. Mtoto mdogo hawezi kukadiria vyema kasi ya gari, na kimo chake humficha nyuma ya gari lililoegeshwa. Apelekwe barabarani hasa. Afunzwe kusimama, kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa kuwa magari ya kwetu hupita kushoto. Ndipo avuke kwa kutembea, asikimbie. Pasipo na njia ya miguu, apite upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia.

Hata hivyo, mzigo huu tusimtwishe mtoto peke yake. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend kupitia mpango wa SARSAI liliunganisha mafunzo ya wanafunzi na ujenzi wa vivuko, matuta na njia za miguu karibu na shule. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda Tuzo ya Ross ya Miji, yenye hadhi ya kimataifa.

Tunawanasihi wazazi, walimu wa shule na maustadhi wa madrasa washirikiane katika hili. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Basi kabla ya kumwombea mtoto arudi salama, tutembee naye njia yake, hatua kwa hatua, mpaka aijue.

Wabillahi Tawfiq.