Warfarini na mimba changa
Binti wa Muleba aliyewekewa valvu ya bandia ya moyo ya aina ya kimakanika, tuseme katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kwa kawaida huandikiwa warfarini ya maisha ili damu isigande kwenye valvu. Kidonge hicho hupenya kondo la nyuma. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba kinaweza kuharibu mifupa na gegedu za mtoto, pua ikabaki bapa. Baadaye mtoto anaweza kuvuja damu kwenye ubongo. Hatari hupungua dozi isipozidi miligramu 5 kwa siku, lakini haiishi.

Basi aache dawa? La hasha: valvu ikiziba, mama na mtoto wote wanaweza kufa. Heparini ya sindano haimfikii mtoto, ila ulinzi wake kwa valvu ni dhaifu zaidi na hudai vipimo vya mara kwa mara. Wengine watasema mambo haya yangoje kliniki ya wajawazito. Yamechelewa hapo: wengi hugundua mimba wiki ya 6 imeshapita, na safari ya hospitali ya rufaa Bukoba inataka nauli. Swali la uzazi liulizwe kliniki ya moyo, kabla ya mimba, mume akiwepo ikiwezekana. Kunyonyesha, kwa bahati nzuri, warfarini haikuzuii.