Kujumlisha mistari inayoonekana tu kwenye Excel: magunia 212 yaliyokuwa 87

Najua mmezoea hapa tunaongea mbolea, viwavijeshi vamizi na nafasi za kupandia. Leo naomba tuongee Excel. Usiondoke kwanza, maana kosa ninalotaka kulieleza liliwatoa watu hela mfukoni, na aliyelifanya ni mimi.

Ilikuwa msimu wa kuuza mahindi. Kikundi kimoja ninachokihudumia hapa Tunduma kina wanachama kata tatu: Mpemba, Chapwa na Chiwezi. Orodha yao ilikuwa kwenye kompyuta yangu: namba ya mwanachama, kata, zao, magunia, na kama ameshalipwa au bado. Mnunuzi akasema anaanza na kata moja. Nikaichuja orodha, yakabaki majina ya kata ile peke yake, nikatazama jumla: 212. Nikapiga simu, tukaita semitrela.

Gari likaja, tukapakia, mahindi yakaisha mapema. Kuhesabu, magunia 87. Hapa mpakani mahindi yana miguu, kwa hiyo wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kwamba kuna waliouza pembeni usiku. Mwenyekiti akaanza kuwahoji watu kwa ukali, wengine wazee wa kuheshimika kabisa. Mimi nimekaa na kompyuta magotini, natafuta mwizi kwenye orodha. Kumbe hapakuwa na mwizi. Ile 212 ilikuwa jumla ya kata zote tatu. Mistari ya Mpemba na wenzake nilikuwa nimeificha machoni pangu, lakini fomula ilikuwa bado inaihesabu.

Magunia 87 ya kilo 100 ni tani 8.7, Fuso moja ingetosha. Dereva wa semi hakuwa na kosa, alitaka nauli yake kamili, ikabidi kila gunia likatwe shilingi 3,000 za ziada. Mama mmoja mwenye magunia manne aliniambia kwa upole tu, "Bwana shamba, hiyo elfu kumi na mbili ni madaftari ya wanangu." Sikuwa na jibu.

Sasa tuone kilichotokea. Chukua mfano mdogo uuandike mwenyewe kwenye Excel, uone kwa macho. Mstari wa 3 weka vichwa: Namba, Kata, Zao, Magunia, Malipo. Kuanzia mstari wa 4 hadi wa 9 weka wanachama sita, wote wa mahindi. Wa kwanza ni wa Mpemba, magunia 12, amelipwa. Wa pili Chapwa, 8, bado. Wa tatu Chapwa, 15, amelipwa. Wa nne Chiwezi, 20, bado. Wa tano Mpemba, 6, bado. Wa sita Chapwa, 10, bado. Magunia yatakuwa kwenye safu ya D, yaani D4 hadi D9.

Sehemu ya wazi juu, tuseme D1, andika fomula tuliyofundishwa wote:

=SUM(D4:D9)

Utapata 71. Sasa bofya kichwa chochote, nenda Data, kisha Filter. Vimshale vitatokea kwenye vichwa. Kwenye Kata acha tiki kwa Chapwa peke yake. Inabaki mistari mitatu: 8, 15 na 10. Kwa kichwa chako tu unajua hiyo ni 33. Itazame D1: bado inasema 71. SUM haijali unachokiona. Umeiambia ihesabu D4 mpaka D9, nayo inahesabu D4 mpaka D9, iliyofichwa na isiyofichwa. Kwa watu sita utashtuka haraka. Kwa watu mia na ushee, mnunuzi yuko kwenye simu, hushtuki.

Fomula iliyotakiwa ni hii:

=SUBTOTAL(9,D4:D9)

Hiyo 9 si idadi ya kitu chochote, ni namba ya kazi: 9 maana yake jumlisha. Ukiacha Chapwa peke yake inakupa 33. Ukienda kwenye Malipo ukaacha "Bado" tu, inashuka hadi 18, yaani yale 8 na 10 ya watu wa Chapwa ambao hawajalipwa. Ukifungua yote inarudi 71. Kila ukichuja, yenyewe inajirekebisha.

Ukitaka kuhesabu watu badala ya magunia, weka 3 na uielekeze kwenye safu yenye maneno: =SUBTOTAL(3,B4:B9). Kwa Chapwa ambao bado, itasema 2. Hii naitumia sana wakati wa mbolea, kujua ni wakulima wangapi wa kata fulani wanasubiri mifuko ya kupandia. Wastani ni 1. Ziko nyingine, lakini kwa kazi zetu hizo tatu zinatosha.

Kuna mtego wa pili, na huu umemkamata katibu mmoja aliyekuwa ameshaijua SUBTOTAL. Yeye hachuji. Kila akimlipa mtu anabofya kulia kwenye namba ya mstari, anachagua Hide, mstari unapotea. Mwisho wa siku alitarajia jumla ya waliobaki, akapata jumla ya wote. Sababu ni kwamba 9 inaiacha mistari iliyoondolewa na kichujio, lakini ile uliyoificha kwa mkono inaihesabu. Ukitaka nayo iachwe, ongeza mia moja kwenye namba ya kazi:

=SUBTOTAL(109,D4:D9)

Kuhesabu watu inakuwa 103. Kwenye kuchuja, 9 na 109 zinatoa jibu lile lile. Tofauti ni kwenye kuficha kwa mkono tu. Kwa hiyo wengine husema, basi tumia 109 siku zote umalize. Mimi sipendi kuficha kwa mkono kabisa, 109 au hapana. Ukichuja, namba za mistari pale kushoto zinageuka bluu na kwenye kichwa kunatokea alama ya kichujio, ukisahau inakukumbusha. Ukificha kwa mkono, kinachokuonyesha ni namba kuruka, labda kutoka 5 hadi 8, na macho yaliyochoka hayaoni hilo. Weka safu ya "Malipo", andika "Amelipwa" au "Bado", halafu chuja. Yule katibu alibisha kidogo, sasa ndivyo anavyofanya.

Na jumla iweke juu ya orodha, si chini. Ukiiweka chini kabisa ikigusana na mistari ya watu, SUM hiyo inaweza kuhesabiwa kama mwanachama mwingine na kupotea unapochuja. Ndiyo maana kwenye mfano wetu D1 ina jumla, mstari wa 2 uko wazi, vichwa viko wa 3. Mimi sasa naweka zote mbili: D1 ni SUM na pembeni nimeandika "Kikundi chote", E1 ni SUBTOTAL na pembeni "Inayoonekana". Namba mbili zikiwa tofauti najua orodha imechujwa. Zikilingana, najua naangalia kila mtu. Ile siku ya semi ningekuwa na hizo mbili, 212 na 87, simu nisingepiga.

Fomula nzuri haitakusaidia kama maandishi ni mabaya. Mtu akiandika "Chapwa" na mwingine "Chapua", kichujio kinaona kata mbili. Na kwenye safu ya magunia andika namba tupu: 12, si "gunia 12". Ukitia neno pale, Excel inaona ni maandishi na hainyanyui mkono kukwambia. Inaruka tu, jumla inapungua. Tena kama mnaweza, pimeni kwenye mzani muandike kilo. Gunia la lumbesa na gunia la kilo 100 kwenye orodha yote yanaandikwa 1, na hapo hakuna fomula ya kukuokoa.

Kwa ripoti inayotoka ofisini situmii hata SUBTOTAL, kwa sababu mtu mwingine akifungua faili na kuchuja anavyotaka, namba inabadilika mkononi mwake. Hapo naandika masharti ndani ya fomula yenyewe:

=SUMIFS(D4:D9,B4:B9,"Chapwa",E4:E9,"Bado")

Hii itatoa 18 uchuje usichuje. Ni ndefu kuandika, lakini unaiandika mara moja.

Kwa mnaotumia simu: Google Sheets inaielewa SUBTOTAL vilevile, 9 na 109 pia. Ila wengi wenu mnapiga picha ya kioo na kuirusha WhatsApp kwenye kundi. Picha haina kimshale cha kubofya. Kabla ya kuituma, andika juu yake imechujwa kwa kata gani, ni waliolipwa au bado, na tarehe, ili mwanachama asiyejiona kwenye picha asianze kulala macho akidhani ameondolewa kwenye orodha.