Nyumba Isiyokosa Mtu: Mwanamke Anapooa Mwanamke, kutoka Vilima vya Nandi hadi Jiji la Eldoret

Sotet, kibuyu cha maziwa, haioshwi kwa haraka. Kogo mmoja, yaani bibi mzee, wa mtaa wa Kapsoya, mjini Eldoret, alinionyesha jambo hilo Jumamosi moja alfajiri. Alishika sosiot, ule ufagio mwembamba wa kusafishia vibuyu, akasugua ndani mpaka maji yaliyotoka yakawa meupe. Alikiacha kibuyu kikauke. Kisha akachukua kijinga cha mti wa senetwet kutoka jikoni, akakitumbukiza kibuyuni kikiwa bado chekundu, akakisaga kwa ufagio ule ule hadi kuta za ndani zikapakwa unga mweusi unaonukia moshi. Ndipo akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akafunga kifuniko, akakiegemeza kibuyu ukutani kama mtu anayemlaza mtoto.

"Haya yatanywewa na wageni wa koito wiki ijayo," aliniambia. "Yakiharibika watasema nyumba hii haina mtu."

Koito ni kikao cha mahari. Kauli yake hiyo ya mwisho nimekaa nayo muda mrefu, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa ndoa za Wakalenjin, na zaidi ya yote ndiyo ufunguo wa ile ndoa inayowashangaza wageni: mwanamke kuoa mwanamke mwenzake.

Siku hizi habari za harusi zinajadiliwa sana Eldoret. Mji huu ulianza kama posta ndogo kwenye shamba nambari 64 la walowezi, na hadi leo wenyeji wanauita Sisibo. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliukabidhi hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Harusi nazo zimekua pamoja na mji. Kuna kamati ya harusi inayokutana kila wiki, kundi la WhatsApp la michango, tenti, MC, msafara wa magari, na keki za kuwapelekea wazee wa pande zote mbili. Tangu korona ilipobana mikusanyiko mwaka 2020, wengi wameonja harusi ya namna nyingine: watu hamsini uani kwa mama, pilau inayopikwa na mashangazi, na nguo iliyoshonwa na fundi wa mtaani. Vijana wanauliza kama wanaweza kuifanya yao ndogo na tulivu, ifanane na wao. Wapo pia wanaoona picha za ng'ambo za mabibi harusi wawili wameshikana mikono, kisha wanawauliza wazee kama jambo hilo limewahi kuonekana hapa kwetu.

Wazee wa Kinandi, jamii mojawapo ya Wakalenjin, wana jibu, ila si lile ambalo muulizaji alilitarajia.

Kiswahili kimepanga maneno yake waziwazi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Katika mila ya Nandi yupo mwanamke aliyevuka mpaka huo wa kitenzi. Alioa. Ndoa hiyo imeandikwa katika vitabu vya sheria za kimila kwa jina la kitum chi toloch, na toloch ni nguzo inayoshikilia nyumba. Hapakuwa na mabibi harusi wawili. Bi harusi alikuwa mmoja, na aliyemwoa alikuwa mama mtu mzima ambaye tangu siku hiyo alihesabiwa kuwa mume.

Sababu yake iko katika mpango wa mali. Kwa Wanandi, mwanamume mwenye wake wengi hakuwa na zizi moja la wote. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake: waliokabidhiwa mke alipoolewa, pamoja na walioingia kwa mahari ya binti zake. Ng'ombe wa nyumba moja hawakupaswa kuvuka kwenda nyumba ya pili, na warithi walikuwa wana wa kiume wa nyumba ile. Mama aliyefikia umri wa kukoma kuzaa bila mtoto wa kiume alijua kitakachofuata. Akifa, mali aliyoihangaikia maisha yake yote ingechukuliwa na wana wa wake wenzake au wa mashemeji, na jina la nyumba yake lingezimika. Hiyo ndiyo nyumba isiyo na mtu.

Dawa yake ilikuwa kutafuta mke. Mama huyo alitoa mahari kama mwanamume yeyote. Wazee walikwenda kwa wazazi wa msichana, wakaulizwa ukoo na mnyama wa ukoo, maana huwezi kuoa kabla haijajulikana kama wewe ni wa Moi, ambao alama yao ni korongo mwenye kishungi, au wa Kipkenda wa nyuki, au wa Talai wa simba. Ng'ombe walihesabiwa. Bi harusi alipofika, alizaa na mwanamume aliyekubalika bila kelele, na watoto hawakuwa wa mwanamume huyo. Walikuwa wa nyumba iliyotoa mahari, na walibeba ukoo wa mume wa yule mama. Wana wa kiume waliozaliwa walirithi ng'ombe na shamba, na nguzo ikasimama.

Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler, aliyeishi kati ya Wanandi akifanya utafiti miaka ya 1970, aliandika makala mashuhuri mwaka 1980 akiuliza swali moja: je, mume huyu wa kike ni mwanamume? Aliowahoji walimjibu kwa msimamo kwamba ndiyo, amepanda cheo na kuwa mwanamume. Mmoja wao alimweleza kwamba habebi tena mzigo kichwani, kwani hiyo ni kazi ya wanawake. Oboler alitazama pia maisha ya kila siku, akaona kwamba mambo hayakuwa makali kama maneno. Wengi waliendelea na baadhi ya kazi za kike, na wachache sana waliketi katika vikao vya wazee wa kiume. Pale ambapo uanaume wao ulishikiliwa bila kulegezwa ni katika mahari, mali na urithi, yaani mambo yaliyoileta ndoa yenyewe.

Jambo moja alilisikia kila alipouliza: mume wa kike na mkewe hawalali pamoja kama mke na mume, na mume wa kike mwenyewe anatakiwa kuachana na wanaume kabisa, asije akazaa mtoto atakayevuruga urithi. Ni muhimu lisemwe bila kificho, kwa sababu mila hii imevutwa huku na huku. Wapo wanaoinyanyua kama ushahidi kwamba Afrika ya zamani ilibariki mapenzi ya wanawake wawili. Wapo wanaoificha kwa aibu, wakiogopa kufikiriwa hivyo. Wote wanaivalisha nguo isiyo yake. Ndoa hii ilizaliwa na mahitaji ya nyumba. Haitoi hukumu juu ya mapenzi ya mtu yeyote, na asitokee mtu wa kuishika kama rungu la kumpigia jirani yake.

Na Wanandi hawako peke yao. Wakipsigis wanayo, Wakisii wanayo, Wakamba wanamwita mke wa namna hiyo iweto. Ng'ambo ya mpaka, Wakurya wa Mara nchini Tanzania wanaiita nyumba ntobhu. Jamii hizi zina lugha za familia mbili tofauti, nyingine za Kibantu, nyingine za Kinailoti, lakini zote zilikabiliwa na hofu ile ile ya mama mwenye mali asiye na mtoto wa kiume, na zote zikakata shauri moja.

Mtu wa leo atauliza sheria inasemaje. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 45, inampa kila mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaeleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, ingawa inaitambua ndoa ya kimila kuwa aina mojawapo ya ndoa nchini. Kwa hiyo wanawake wawili wanaopendana na kutaka cheti hawatakipata kwa msajili yeyote wa Kenya, na wanaoshika mila ya toloch wasitegemee karatasi hiyo pia. Lakini kifungu cha 11 cha Katiba hiyo hiyo kinautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa, na mahakama imeshawahi kuupa uzito. Juni 2011, katika Mahakama Kuu ya Mombasa, Jaji Jackton Ojwang aliamua shauri la mirathi ya mama wa Kinandi aliyekuwa ameoa mke kimila. Jamaa za marehemu walikuwa wakimpinga mke huyo. Jaji alikubali kwamba ndoa ile ilikuwa halali kwa mila ya Wanandi, na kwamba mke ana haki katika mirathi. Nguzo iliyochimbiwa vilimani ilisimama mbele ya jaji, pwani kabisa.

Basi ikitokea leo, katika jiji la Eldoret, mama wa Kimumu au Langas akaamua kuoa kwa mila hii, harusi yake ipangweje? Nimeketi na wazee juu ya swali hili, na ushauri wao haukugusa maua wala tenti.

La kwanza ni hiari ya bi harusi. Hapa ndipo mila hii imewahi kuumiza watu. Upande wa Mara zimesikika kwa miaka mingi habari za wasichana wadogo wanaotolewa kwa ng'ombe bila kuulizwa. Sheria ya Kenya inataka miaka 18, na moyo wa mtu unataka zaidi ya miaka. Bi harusi aketi mwenyewe katika mazungumzo, ajue atazaa na nani na kwa ridhaa yake, ajue watoto wataitwa wa nani, na aseme ndiyo kwa mdomo wake mbele ya mama yake. Bila hayo, koito ni biashara tu.

La pili ni mashahidi. Koito ifanyike kwa ukamilifu hata kama waliohudhuria ni kumi na wawili. Ng'ombe wahesabiwe, iwe ni ng'ombe wa miguu minne au wa M-Pesa, na idadi iandikwe katika daftari linalotiwa saini na wazee wa pande zote mbili. Katika kesi za mirathi, mashahidi wa koito huwa na thamani kubwa kuliko video ya saa nane.

La tatu ni wosia. Sheria ya Urithi ya Kenya inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kugawa mali yake kwa wosia. Mama anayeoa ili nyumba yake isipotee asiwaachie mashemeji nafasi ya kubishana juu ya kaburi lake. Aandike jina la mke, la watoto, na la shamba. Mila ilibuniwa kuilinda nyumba, na wosia ni ukuta mwingine wa nyumba hiyo hiyo.

Baada ya hayo, harusi yenyewe inaweza kuwa nyepesi. Zamani ilikuwa ya uani: familia mbili, majirani, maziwa na nyama. Kiini chake ni ratet, yaani kufungwa, ambapo anayeoa na anayeolewa hufungwa nyasi za segutiet mikononi, wazee wakanena baraka na wote wakaitikia. Nyasi hizo hazikodishwi. Zinachumwa. Hakuna MC anayeweza kuzifunga, na hakuna mpiga picha anayeweza kuzifanya ziwe na maana kama waliozifunga hawakumaanisha. Ukitaka harusi iliyo yako, anza na lile ambalo haliwezi kukodishwa, kisha uongeze mengine kadiri ya mfuko na hamu yako.

Kwa kweli hili nalisema kwa kila anayepanga harusi katika jiji letu jipya, mwanamume na mwanamke wakiwemo. Tumezoea kudhani kwamba mila ni sare moja inayomfaa kila mtu, na kwamba anayetaka harusi ya kwake sharti aikimbie mila. Ndoa ya toloch inatufundisha vingine. Wazee walipomwona mama aliyebaki nje ya utaratibu, hawakumwambia utaratibu ni huo, vumilia. Walikaa chini, wakapima hali ya nyumba yake, wakashona ndoa inayomtosha, hata kama iliwabidi wamwite mwanamke mume. Mila yenyewe ilikuwa inamsikiliza mtu mmoja mmoja.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Kapsoya. Wageni wa koito walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya mti wa uani, wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu waliokuja kwa jambo zito. Kogo alitoka ndani akiwa amekumbatia sotet. Alitikisa mara mbili, akafungua, na harufu ya senetwet ikatangulia kabla ya maziwa. Mursik, maziwa yale yaliyoganda kibuyuni, ilishuka kikombeni nzito, ya kijivu kama anga la Julai, bila dosari. Mzee wa upande wa pili alikunywa, akanyamaza kidogo, akamwangalia kogo.

"Nyumba hii," alisema, "ina mtu."