Mshairi, sikiliza silabi: Jinsi ya kutafuta vina

MSHAIRI chipukizi wa Kitui au Makueni anapotunga shairi la arudhi, kikwazo chake cha kwanza si uhaba wa mawazo. Ukame, maji, maembe na soko vimemzunguka. Kinachomkwamisha ni neno la mwisho wa kipande, ambalo sharti lioane na wenzake bila kuipotosha maana.

Kwanza, tufahamu kwamba kina ni silabi wala si irabu pekee. 'Mvua' na 'njaa' yana kina kimoja, -a. 'Mvua' na 'kisima' hayaoani, kwa kuwa la pili linaishia kwa -ma.

Hapa ndipo lugha ya mama inapoweza kumhadaa mtunzi. Maneno asilia ya Kikamba hayana r, nazo b na d hutanguliwa na ung'ong'o, zikawa mb na nd. Anayetamka 'baba' kama 'mbamba' ataambiwa na sikio lake kwamba neno hilo linaoana na 'shamba'. Vivyo hivyo, 'kulala' litamvutia upande wa 'hasara'. Katika Kiswahili sanifu, -ba si -mba, wala -la si -ra. Lafudhi si aibu, lakini mtunzi aliandike neno, aligawe katika silabi, ndipo aamue.

Pili, hazina kubwa ya vina imo katika sarufi yenyewe. Tazama mishororo hii yenye mizani nane kila kipande:

Twachimbua mchangani, tutafute penye maji,
Jua kali Makueni, wanalia wafugaji.

'Mchanga' halikuoana na 'Makueni' hadi lilipopewa kiambishi -ni. Kitenzi 'fuga' nacho kimezaa 'wafugaji', likaoana na 'maji'. Mnyambuliko pia husaidia: 'pata' huzaa 'patana', 'patika' na 'patia'.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika ubeti wa kwanza, orodhesha maneno kumi au zaidi ya kila kina ulichochagua. Vina -ni, -ji, -na na -ka havikauki upesi, ilhali -fya au -nywe vitakuchosha katika ubeti wa pili. Tahadhari hii ni muhimu zaidi katika mtiririko, ambapo vina havibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Ukaraguni, ambao vina vyake hubadilika kila ubeti, humpunguzia mtunzi mzigo.

Tatu, upo uhuru wa mshairi. Anaweza kupindua mpangilio, 'maji mengi' yakawa 'mengi maji', ili apate -ji. Anaweza pia kutumia tabdila, 'kujua' likawa 'kujuwa', lioane na 'dawa'. Uhuru huu ni kama chumvi: ukizidi, shairi halilambiki.

Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni za arudhi katika kitabu chake cha mwaka wa 1954. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi alitoa 'Kichomi', diwani iliyojitenga na vina na mizani. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, lakini funzo lake ni moja kwa pande zote: kina ni mtumishi wa wazo. Neno lililoingizwa kwa ajili ya mlio tu, msomaji hulitambua mara moja. Afadhali kuubomoa mshororo mzima na kuujenga upya kuliko kusema usichokusudia.