Mgongo wa Yatta na siri ya mito ya Mirihi

MTU asimamaye juu ya Uwanda wa Yatta, mashariki ya mji wa Machakos, huona nchi ikishuka pande zote mbili: huku vilima na mabonde ya Ukambani, kule nyika ya kuelekea Kitui. Si rahisi kumshawishi kwamba hapo aliposimama, palipoinuka kuliko kandokando yake, ndipo palipokuwa chini kabisa hapo kale. Palikuwa bonde la mto.

Yapata miaka milioni 13 na nusu iliyopita, lava ilibubujika kutoka upande wa Bonde la Ufa. Kama maji, lava hufuata njia iliyo rahisi. Iliingia katika bonde la mto na kuteremka nalo kuelekea kusini mashariki. Ilipopoa ikawa jiwe gumu la rangi ya kijivu iliyokoza, ambalo wanajiolojia huliita fonolaiti. Mgongo huo huanzia karibu na Mlima Ol Donyo Sabuk na kufika ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, mwendo wa takriban kilomita 300, ilhali upana wake ni kilomita chache tu. Ni miongoni mwa mikondo mirefu kabisa ya lava inayojulikana duniani.

Je, bonde liligeukaje kuwa mgongo? Jibu ni mvua. Miamba ya kandokando, iliyo mikongwe zaidi, ilichakaa na kulegea, kisha mito ikaichukua kidogo kidogo hadi Bahari ya Hindi. Lava haikuchukulika kwa urahisi. Ni kama fundi aliyemimina zege ndani ya mtaro: mvua zikiuondoa udongo wote wa pembeni, zege itabaki imesimama kama ukuta, na ukuta huo utaonyesha kila kona ya mtaro uliokuwapo. Wataalamu husema sura ya nchi imepinduka.

Kwa hiyo Yatta ni kumbukumbu ya mto usiokuwapo tena. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Henry Wichura wa Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, waliutumia mteremko wa lava hiyo kukadiria kwamba nyanda za juu za Afrika Mashariki zilikuwa zimekwisha kuinuka angalau mita 1,400 wakati lava ilipotiririka. Mto uliokufa ukatoa ushahidi wa kimo cha nchi nzima.

Njia hiyo hiyo ya kusoma ardhi ndiyo inayotumika katika sayari jirani yetu ya Mirihi, ambayo haijapata tone la mvua kwa muda mrefu mno. Hewa yake ni nyepesi, kanieneo yake haifiki asilimia moja ya ile ya dunia, na maji yakimwagwa juu ya ardhi yake hayakai. Huganda au hugeuka mvuke.

Hata hivyo, chombo cha Marekani cha Mariner 9, kilichoanza kuizunguka Mirihi mwaka 1971, kilipiga picha za mabonde makavu yenye matawi kama ya mito. Tangu hapo wanasayansi wamebishana: je, Mirihi ilikuwa na mvua na mito ya kudumu, au ilikuwa nchi ya barafu iliyoyeyuka mara moja moja tu? Swali hilo si dogo, kwani uhai hauwezi kutarajiwa mahali ambapo maji yalipita siku mbili yakatoweka.

Eneo moja lilitatiza zaidi. Katika nyanda za Arabia Terra, hesabu za hali ya hewa ya kale zilionyesha kwamba mvua ilipaswa kunyesha, lakini mabonde ya mito yalikuwa haba. Mwaka 2016 Joel Davis wa University College London na wenzake walieleza sababu: watu walikuwa wakitafuta mabonde, kumbe mito imekuwa migongo. Walipozichunguza picha zenye ubora zaidi, walihesabu zaidi ya kilomita 17,000 za njia za mito, nyingi zikiwa zimepinduka. Migongo hiyo hufika kimo cha mita 30 na upana wa kilomita moja hadi mbili. Mito hiyo ilitiririka kati ya miaka bilioni 3.9 na bilioni 3.7 iliyopita.

Tofauti zipo, na haifai kuzificha. Katika Arabia Terra kilichoganda si lava bali ni changarawe na mchanga wa mto wenyewe, na kilichoondoa udongo wa pembeni kwa sehemu kubwa ni upepo. Aidha, umri haulingani kabisa. Miamba ya vilima vya Machakos, tunayoiona mikongwe, iliokwa chini ya milima mikubwa takriban miaka milioni 600 iliyopita. Katika dunia yetu mabamba ya ardhi husukumana na mvua hufuta. Mirihi haina mambo hayo, na ndiyo sababu kurasa zake za mwanzo zingali zinasomeka.

Gari la Curiosity, lililotua Agosti 2012, lilikuta kokoto zilizoviringika, za aina ile ile mtu aziokotayo katika mito ya msimu ya Ukambani. Kutokana na ukubwa wake, wataalamu walikadiria maji yaliyofika kati ya kifundo cha mguu na nyonga, yakienda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Gari jingine, Perseverance, lilitua Februari 2021 katika shimo la Jezero, ambalo zamani lilikuwa ziwa. Julai 2024, likiwa katika bonde la Neretva Vallis, mto ulioliingizia ziwa hilo maji, lilitoboa jiwe lenye madoa kama ya chui. Utafiti uliochapishwa Septemba 2025 ulisema madoa hayo huenda yalisababishwa na vijidudu vya kale, ingawa kemia isiyo na uhai nayo yaweza kuyafanya. Kipande cha jiwe hilo kimefungwa ndani ya mrija, na kitahitaji kuletwa katika maabara za dunia ili ubishi huo ukatwe.